Mazoezi ya ufunguzi wa chesi na kompyuta: yanatujenga au yanatuharibu?

#1 BabaNgome
Wakuu habari. Niende moja kwa moja. Mimi naona haya mazoezi ya ufunguzi tunayofanya na kompyuta hayasaidii kitu na inawezekana yanatuharibu kabisa. Nimeikalia Italian, huu ufunguzi wa e4 e5 Nf3 Nc6 Bc4 (kwa wageni: N ni farasi, B askofu, Q malkia, isiyo na herufi kubwa ni pawni, x ni kula, na e4 au f3 ni mraba kipande kinakoenda), muda mrefu sasa, nikicheza na kompyuta kila kitu kinaenda vilevile nilivyojifunza, askofu anatoka, c3, d3, kaslingi (mfalme na ngome wanasogea kwa muvu moja), raha mustarehe. Naingia kucheza na binadamu, muvu ya tatu tu mtu anasukuma h6, wengine hata huko hawafiki, muvu ya pili ni d6 au wanamtoa malkia f6, najua fika kwamba hapo pana udhaifu ila sijui nimwadhibu vipi, nakaa hapo saa inakula tu, muvu chache mbele farasi wangu hayupo.

Sasa swali: tatizo ni kompyuta, ni mimi, au ni hii tabia yenyewe ya kukariri? Wanaojua waje, na wale wa "nenda kafanye mafumbo" naomba leo wapumzike kidogo.

#2 PawniMpweke
Nenda kafanye mafumbo.

#3 Mtoto wa Caro
😂😂 #2 hujachelewa

#4 FarasiWaF3
Mkuu tatizo ni kompyuta, tena hizo leveli za chini. Wengi hawajui zinavyotengenezwa. Stockfish, ile injini (programu) ya chesi, haijui kucheza vibaya kama mtu, ukiishusha leveli inachofanya ni kutafuta muvu kadhaa nzuri kisha inaingiza bahati nasibu katika kuchagua, mara inachukua ya kwanza, mara inaokota mbovu. Ndiyo maana inakuchezea muvu nane za kibingwa halafu ghafla inakugawia ngome bila sababu yoyote ya maana. Binadamu hakosei hivyo. Binadamu akikosea kuna kitu kimemsukuma, ameogopa, ametamani, au hajamwona askofu aliyekaa pembeni kule mbali. Huyo wa h6 anaogopa Ng5 kwa sababu alishawahi kupigwa f7, ule mraba dhaifu kando ya mfalme wake, huko alikotoka. Kompyuta haina kovu lolote la f7.

Kwa hiyo unajizoesha kusubiri zawadi, ukikutana na mtu asiyetoa zawadi unachanganyikiwa.

#5 Mzee wa London
Mnazunguka mno. Cheza ufunguzi wa London. d4, Bf4, e3, Nf3, c3, adui afanye anachotaka wewe unapanga vyako. Awe kompyuta, awe binadamu, awe jini, muvu ni zilezile.

#6 Mtoto wa Caro
Halafu anakuja na c5 na Qb6, wewe unapanga vyako huku b2 inaliwa 😂

#7 Mzee wa London
b2 nilishaitoa sadaka zamani dogo.

#8 Sista Malkia
Habari zenu. #4 umeeleza vizuri kuhusu leveli za chini ila hitimisho siafikiani nalo. Mleta uzi hajasema anashinda kwa zawadi, amesema kompyuta inamfuata kwenye mstari aliojifunza na binadamu hawamfuati. Hilo ni jambo lingine kabisa. Muvu ya kwanza tu mweupe ana chaguo 20, yaani 16 za pawni na 4 za farasi, mweusi naye ana 20, kwa hiyo kila mmoja akisogeza mara moja tayari kuna nafasi 400 tofauti. Ukikariri mstari mmoja umekariri uzi mwembamba sana, na watu wa kiwango chetu wanatoka nje ya huo uzi mapema mno, hawajausoma hata kidogo, siyo kwamba wana ujanja wowote.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Lichess, ile tovuti ya kuchezea chesi, wana ile kumbukumbu ya funguzi ambayo unaweza kuchuja kwa reitingi (alama za kiwango cha mchezaji), usiangalie ya mabingwa, angalia gemu za watu wa reitingi yako. Nenda mpaka Bc4 uone wao wanacheza nini. Utakuta h6 ipo, d6 ipo, Nf6 ipo, Bc5 ipo. Chukua nafasi ya baada ya h6, iweke ubaoni, ndiyo uanze kucheza na kompyuta kutokea HAPO, siyo kutokea mwanzo. Ukimaliza geuza ubao, wewe uwe mweusi uliyecheza h6, uone kompyuta yenye nguvu kamili inakuadhibu vipi. Hiyo ya kugeuza ubao ndiyo yenye faida kuliko zote na ndiyo watu hawaifanyi kwa sababu inauma.

Kompyuta haina kosa hapo, kosa ni kuanzia muvu ya kwanza kila siku.

#9 BabaNgome
Sista asante, hiyo ya kugeuza ubao sikuwahi kuifikiria. Swali dogo, nikicheza h6 makusudi halafu kompyuta ikanimaliza nitajuaje kwamba ni kwa sababu ya h6 na siyo kwa sababu ni Stockfish? Ile itanimaliza hata nikicheza muvu sahihi zote ninazozijua.

#10 PawniMpweke
Hilo swali zuri. Sista ajibu.

#11 kimya_kimya
Mimi naona tunajidanganya tu, Stockfish imekaririshwa funguzi zote duniani ndiyo maana hatuiwezi kwenye ufunguzi. Ni sawa na kushindana na mtu mwenye majibu ya mtihani mfukoni.

#12 FarasiWaF3
#11 siyo kweli mkuu. Stockfish yenyewe haina kitabu cha ufunguzi (orodha ya muvu za ufunguzi zilizoandaliwa tayari) ndani, inapiga hesabu kuanzia muvu ya kwanza. Kitabu huwa kinawekwa na programu inayoibeba, na mara nyingi unaweza kukizima. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mada yetu. Apu yenye kitabu itakufuata kwenye mistari ya kawaida, Italian yako itatoka safi muvu kumi, ndicho kinachomtokea mleta uzi. Ukizima kitabu utashangaa inavyokwenda njia za ajabu, hasa ukiipa muda mfupi wa kufikiri.

#13 kimya_kimya
Sasa mbona mimi nikicheza nayo muvu ni zilezile kila mara? Kama siyo kitabu ni nini

#14 FarasiWaF3
Inategemea. Injini ikipewa kina kilekile cha kufikiri na ikitumia uzi mmoja wa prosesa italeta jibu lilelile kila mara, hesabu ni hesabu. Ikipewa muda badala ya kina, au ikitumia nyuzi nyingi, inaweza kubadilika. Au apu yako ina kitabu chembamba chenye mstari mmoja tu. Bila kuiona siwezi kusema.

#15 Mzee wa London
Enzi zetu kompyuta ilikuwa na heshima. Ile Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilipomtoa sadaka farasi e6 kwa bingwa wa dunia Kasparov mwaka 1996 dunia ilisimama. Iliona mbali kuliko binadamu yeyote. Nyie mnacheza na vikatuni vyenye majina.

#16 Mtoto wa Caro
Mzee ni 1997. 1996 kule Philadelphia Kasparov alishinda 4 kwa 2, ingawa gemu ya kwanza alipigwa. Ya New York 1997 ndiyo alipoteza 3.5 kwa 2.5, na hiyo ya farasi e6 ni gemu ya sita, ilikuwa Caro-Kann yangu hiyo hiyo ninayoipenda, ikaisha muvu 19 😭 Kasparov alitanguliza h6 na lile shimo la e6 likamuua.

#17 Sista Malkia
Na tena Mzee, hiyo muvu ya farasi haikutokana na kuona mbali. Ilikuwa kwenye kitabu cha ufunguzi ambacho mabingwa wa IBM waliiwekea mashine, Joel Benjamin alikuwa mmojawapo wa hiyo timu. Yaani mashine ndiyo ilikariri, na binadamu, wengine wanasema, ndiye aliyechanganya mpangilio wa muvu. Kwa hiyo anayesema kukariri hakuna faida aanzie hapo.

#18 Mzee wa London
Sawa mmenishinda tarehe. Hoja yangu ya vikatuni iko palepale.

#19 PawniMpweke
Hata Kasparov aliuawa na h6, BabaNgome usijione uko peke yako 😂

#20 BabaNgome
Tofauti ni kwamba mimi nauawa na h6 ya mpinzani

#21 Stafford_Kichaa
Nimechelewa uzi ila naona wote mmeacha jambo la msingi. Kuna funguzi za kushinda kompyuta na kuna funguzi za kushinda watu, ukizifanyia mazoezi sehemu isiyo yake unapoteza muda. Mimi nacheza Stafford, e4 e5 Nf3 Nf6, akila pawni ya e5 naleta Nc6, tunabadilishana farasi, dxc6. Kompyuta yoyote itakuambia mweupe yuko mbele sana na ni kweli. Sasa mletee binadamu: d3, Bc5, anaona Bg5 ni muvu nzuri anambana farasi wangu, mimi nakula e4 kwa farasi, anafurahi anamla malkia, Bxf2 cheki, mfalme e2, Bg4 chekimeti. Huyo mtu hatalala siku hiyo.

Ningefanya mazoezi na Stockfish ningeshaiacha Stafford zamani kwa sababu ile haiingii hata siku moja. Kompyuta inakufundisha kuogopa muvu ambazo binadamu hawezi kuziadhibu.

#22 Mtoto wa Caro
Na siku ukikutana na mtu aliyeusoma huo mtego?

#23 Stafford_Kichaa
Namwongeza urafiki.

#24 Sista Malkia
#21 sasa hapo ndipo ile Maia inapohusika. Kwa wasioijua, ni injini iliyotoka 2020, watafiti wa chuo kikuu cha Toronto, Cornell na Microsoft waliifundisha kwa gemu za watu wa Lichess, lengo siyo kushinda, lengo ni kubashiri muvu ambayo binadamu wa reitingi fulani angeicheza. Zilitolewa za kuanzia 1100 mpaka 1900. Kwenye Lichess kuna akaunti za ile ya 1100, ya 1500 na ya 1900 unaweza kucheza nazo. Nadhani hata Bg5 yako inaweza kuicheza, ijaribu. BabaNgome naye namshauri aanzie hapo kabla ya kurudi kwa Stockfish.

Na kuhusu swali lako la #9: usicheze mpaka mwisho. Cheza muvu sita saba kutoka kwenye h6 kisha simama, uangalie vipande vyako vimekaa wapi na vyake vimekaa wapi. Ukishafika kwenye gemu ya kati hapo ndipo Stockfish inakuua kwa sababu zake yenyewe.

#25 mgeni_wa_e4
Samahani jamani mimi mgeni, hivi kaslingi fupi na ndefu ipi ni bora

#26 PawniMpweke
Ile ambayo mfalme hafi. Karibu jukwaani.

#27 Daktari wa Saa
Nimesoma kurasa zote na sijaona mtu aliyegusa SAA. Mleta uzi kasema mwenyewe "saa inakula". Ukicheza na kompyuta unacheza bila saa, simu mkononi, unarudisha muvu ukikosea, unakwenda kunywa maji unarudi nafasi ipo. Kwa binadamu una dakika kumi na moyo unadunda. Mimi nasema hata angekuwa anacheza na Maia bila saa matokeo yangekuwa yaleyale. Washa saa, zima kitufe cha kurudisha muvu, uone kama ufunguzi wako ulikuwa unaujua au ulikuwa unaukumbuka ukiwa umetulia tu.

#28 FarasiWaF3
Daktari una hoja ila saa haielezi kwa nini anakwama kwenye h6 na hakwami kwenye Bc5. Muda ni uleule.

#29 Daktari wa Saa
Hakwami kwenye Bc5 kwa sababu hapo hafikiri. Saa inamuumiza pale anapolazimika kufikiri. Ndicho ninachosema.

#30 FarasiWaF3
Basi tatizo ni kufikiri siyo saa 😅

#31 BabaNgome
Wakuu nimerudi. Nimecheza na Maia 1500 kama Sista alivyoshauri. Kwanza inashangaza, unahisi kabisa kuna mtu upande wa pili, inasukuma pawni za pembeni, inaogopa, inakimbilia kubadilishana malkia ikizidiwa. Ila haijanichezea h6 muvu ya tatu hata mara moja! Inacheza Bc5 na Nf6 tu, muvu za kistaarabu.

#32 Stafford_Kichaa
Kumbe hata Maia ina adabu kuliko wapinzani wetu

#33 Sista Malkia
Ni kawaida hiyo. Inachagua ile muvu ambayo watu wengi wangeicheza kwenye nafasi ile, kwa hiyo yale ya pembeni ambayo mtu mmoja mmoja anayacheza hayatokei sana. Kila mpinzani wako ana uajabu wake na Maia inawajumlisha wote inatoa wastani. Jaribu ya 1100, au uianzishe tayari ukiwa na h6 ubaoni.

#34 Mzee wa London
Yaani mnatafuta kompyuta inayocheza vibaya kwa usahihi. Makubwa haya.

#35 kimya_kimya
Mimi naomba kuuliza kuhusu zile namba. Nikimaliza ufunguzi injini inaniambia +0.4, mara +0.7, nafurahi, halafu napoteza gemu. Si wanasema +1 ni sawa na kuwa na pawni moja zaidi? Na ile King's Gambit ninayoipenda inanionyesha mweusi yuko mbele tangu nisukume f4, niiache?

#36 FarasiWaF3
Hiyo ya pawni moja ni ya zamani. Kuanzia Stockfish 15.1, mwishoni mwa 2022, walibadilisha vipimo, +1 sasa ina maana kwamba upande ule una nafasi ya asilimia 50 ya kushinda, na hapo ni injini dhidi ya injini, siyo wewe dhidi ya jirani yako. Kwa hiyo +0.4 kwenye mikono yetu ni hewa. King's Gambit endelea nayo kabisa, hiyo tofauti hakuna mpinzani wako anayeweza kuibeba mpaka mwisho.

Na kuna kichekesho kimoja, injini zenyewe zikishindana kwenye yale mashindano yao makubwa ya TCEC waandaaji wanazilazimisha funguzi, kila moja inacheza pande zote mbili za nafasi ileile. Zikiachwa zianze zenyewe zinatoka sare sare sare mpaka watazamaji wanalala. Yaani kwao ufunguzi sahihi ni njia ya kwenda sare, na wanaotaka kuona damu inabidi wawape funguzi zenye kasoro.

#37 Mtoto wa Caro
Kwa hiyo Stafford_Kichaa amewaza kama waandaaji wa TCEC

#38 Stafford_Kichaa
Nashukuru kwa kutambuliwa

#39 nusu_sare
Hii mada yote ingekwisha mkicheza ile chesi ya Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia. Aliitangaza 1996 Buenos Aires akichoshwa na haya haya ya kukariri. Vipande vya nyuma vinachanganywa, mpangilio 960, hakuna mstari wa kukumbuka, kompyuta na binadamu wote mnaanza kufikiri muvu ya kwanza.

#40 PawniMpweke
Mimi ufunguzi mmoja umenishinda wewe unaniletea 960

#41 Daktari wa Saa
😂 na bila saa bado

#42 Sista Malkia
#39 naipenda lakini siyo jibu la alichouliza. Halafu hata kule kompyuta inakupiga vilevile. Programu ya AlphaZero ya 2017 haikupewa ufunguzi wowote wa binadamu, ilipewa sheria tu ikacheza yenyewe kwa yenyewe, na bado ikaipiga Stockfish ya wakati ule gemu 28 na sare 72 bila kupoteza katika zile 100. Kukariri siyo siri yao.

#43 mgeni_wa_e4
Nimejaribu ile ya Stafford kwa Stockfish leveli ya mwisho. Nimekufa muvu ya 20. Nilielewa vibaya?

#44 Stafford_Kichaa
Mgeni nimesema USICHEZE NA STOCKFISH. Soma #21 tena taratibu.

#45 BabaNgome
Nimeanza kuicheza nafasi ya h6 nikiwa pande zote mbili. Nikiwa mweusi injini inanisukumia d4 mara moja, nikila exd4 mara inakula kwa farasi, mara inapiga kaslingi kwanza inaiacha pawni yangu pale d4. Hii ya pili siielewi, kwa nini isile?

#46 Mtoto wa Caro
Kwa sababu hapo ukiangalia vizuri ni Scotch Gambit, ile ya e4 e5 Nf3 Nc6 d4 exd4 Bc4, ila mweusi ameshatumia zamu yake kwa h6. Anaharakisha kumaliza maendeleo wakati wewe umepoteza muda. Pawni ataidai baadaye.

#47 FarasiWaF3
Siafikiani kwamba h6 imepotea bure. Kwenye Scotch Gambit nusu ya uchungu wa mweusi ni Ng5, na h6 imeshaifunga. Mimi kwa mtu wa kiwango cha mleta uzi ningesema Nxd4 tu, safi, una nafasi kubwa katikati, hakuna cha kukumbuka.

#48 Mtoto wa Caro
Ukila kwa farasi anakuletea Nf6 anaishambulia e4, Nc3, Bb4, ameshapumua. Kaslingi bwana. Haraka.

#49 Mzee wa London
Mngecheza Bf4 mngekuwa mmeshamaliza kupanga.

#50 FarasiWaF3
#48 leta ubao basi tucheze kutokea hapo, wewe chukua mweupe na kaslingi yako, mimi mweusi na h6 yangu, dakika kumi kumi. Link naiweka sasa hivi. Na saa iwe imewashwa Daktari asilalamike.

#51 Daktari wa Saa
Nipo, naangalia.